Ufanano na Nasaba katika Muziki wa Viwanda

Watu wawili waweza kufanana sura wasiwe na udugu hata wa mbali, na ndugu wa tumbo moja waweza kuhitilafiana kwa kimo, kwa rangi na kwa sauti. Hili halihitaji ushahidi. Kila mtaa una mifano yake. Walakini ukweli huu mwepesi husahauliwa mara nyingi, na mahali unaposahauliwa kuliko pengine ni katika kuchagua muziki. Mpenzi wa bendi fulani akiisha kuzimaliza santuri zake zote, huuliza: Nani mwingine afananaye nao? Swali hili lina sura ya unyenyekevu, wala halionekani kuwa na hatia. Lakini ni swali baya. Ubaya wake huzidi linapoulizwa juu ya muziki uitwao wa viwanda, pamoja na muziki wa kielektroniki wenye kiza uliozaliwa nao, kwa kuwa muziki huo uliundwa makusudi ili kumfundisha msikilizaji asiridhike na maswali ya namna hiyo.

Mfano ulio wazi ni wa Skinny Puppy, bendi ya Vancouver, Kanada. Iliundwa mwaka 1982 na vijana wawili, cEvin Key na Nivek Ogre. Wa tatu, Dwayne Goettel, alijiunga nao mwaka 1986, akafariki mwaka 1995. Bendi ilivunjika, ikafufuka, na mwaka 2023 ikafanya safari iliyotangazwa kuwa ya mwisho. Santuri zake, kama Bites ya 1985, VIVIsectVI ya 1988, Too Dark Park ya 1990 na Last Rights ya 1992, ziliwaacha wasikilizaji wengi na kiu ambayo muziki mwingine haukuweza kuituliza. Bendi ya namna hiyo ikinyamaza, wapenzi wake hubaki kama mayatima, na yatima hutafuta mlezi. Hapana wa kuwalaumu kwa kutafuta. Lawama ni juu ya njia wanayoifuata, na zaidi ni juu ya wale wanaowaelekeza katika njia hiyo.

Waelekezaji hao ni watatu. Wa kwanza ni rafiki, ambaye hutaja bendi tano au kumi alizozikuta katika rafu moja. Wa pili ni mfanya biashara, ambaye hubandika juu ya santuri mpya maneno ya kuifananisha na santuri ya zamani iliyokwisha kupata soko. Wa tatu, naye ndiye mwenye nguvu kupita wote leo, ni mashine. Makampuni yanayopeleka muziki kwa njia ya intaneti hutumia programu za kupendekeza nyimbo. Programu hizo hazipendi wala hazichukii; hufanya hesabu. Huhesabu watu: waliosikiliza hiki walisikiliza na kile, basi na huyu apewe kile. Tena huweza kupima sauti yenyewe: wepesi wa mapigo, ukubwa wa kishindo, uzito wa sauti za chini. Hesabu hizo zaweza kuwa sahihi kabisa, na hapo ndipo hatari ilipo. Mashine humpa mtu jibu sahihi la swali baya, naye huondoka ameshiba upepo.

Mpenzi wa Skinny Puppy akiwafuata waelekezaji hao, hupewa nini? Hupewa sauti ya mwanadamu iliyopondwa katika mitambo mpaka ikawa mkoromo. Hupewa mapigo mazito ya ngoma za umeme. Hupewa vipande vya maneno vilivyokatwa katika filamu za kutisha. Hupewa jalada lenye picha za mifupa. Kila kitu kipo isipokuwa sababu ya kuwapo kwake. Ni kama mtu aliyeyapenda mashairi ya Muyaka wa Mombasa, kisha akaenda kwa mwuza vitabu kuomba mashairi mengine yoyote yenye mizani kumi na sita katika mshororo, na vina vya kati na vya mwisho. Atapewa gunia zima. Ndani yake zitakuwamo sifa za harusi, matusi, mafumbo, mawaidha na matangazo ya biashara, kwa maana chombo kimoja cha ushairi hupakia shehena za kila namna. Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hawezi kuridhika na gunia hilo. Atauliza Muyaka alikuwa akimjibu nani, akimtetea nani, na katika ugomvi gani. Uangalifu anaompa mshairi wa mji wa bandari ni haki ampe pia mwanamuziki wa mji wa viwanda.

Yafaa basi kurudi kwenye chimbuko. Kundi la Throbbing Gristle lilizaliwa London mwaka 1975 kutokana na kikundi cha wasanii kilichoitwa COUM Transmissions, ambacho asili yake ni mji wa Hull. Watu wake walikuwa wanne: Genesis P-Orridge, Cosey Fanni Tutti, Peter Christopherson na Chris Carter. Mwaka 1976 walianzisha kampuni yao wenyewe wakaiita Industrial Records, yaani Santuri za Viwanda. Jina hilo lilikuwa na kejeli. Makampuni makubwa yalikuwa yakitoa nyimbo kama kiwanda kitoavyo sabuni, huku yakizivika nyimbo hizo nguo za moyo na mahaba. Hawa wanne waliikiri bidhaa kuwa bidhaa, kisha wakamtaka mnunuzi akifikiri kiwanda chenyewe: nani mwenye mali, nani mtumishi, na nani malighafi. Mwaka huo huo maonyesho yao katika jumba la sanaa la ICA, London, yaliamsha ghadhabu kubwa, hata mbunge mmoja akawashutumu hadharani kuwa ni wavunjaji wa ustaarabu.

Hawakuwa peke yao. Sheffield, mji wa wafua chuma, ulikuwa na Cabaret Voltaire tangu mwaka 1973, vijana waliokata na kuunga kanda za sauti ili kuzichezea habari za redio na televisheni. Berlin Magharibi, mji uliozungukwa na ukuta, ulitoa Einstürzende Neubauten mwaka 1980, ambao walipiga mabati, springi, nyundo na mashine za kutoboa mawe. London ya kusini ilitoa Test Dept mwaka 1981, ambao walivifanya vyuma vilivyotupwa kuwa ngoma. Mwenye sikio na azisikilize bendi hizi nne kwa mfululizo. Hazifanani. Mmoja hunong'ona, mwingine huchezesha, wa tatu hubomoa, wa nne hupiga kwa pamoja kama wavuta kamba bandarini. Lau kufanana kwa sauti kungekuwa ndio kipimo, zisingewekwa kamwe katika jamaa moja.

Kilichoziweka pamoja ni nini? Mwaka 1983, huko San Francisco, jarida la RE/Search la V. Vale na Andrea Juno lilitoa kitabu juu ya utamaduni huu. Katika utangulizi wake mwandishi Mwingereza Jon Savage alipanga sifa tano za watu wa viwanda. Ya kwanza ni kujitawala: wasanii wawe na makampuni yao na wasimamie kazi yao wenyewe. Ya pili ni kuzifikia habari, yaani kuyachimbua yale yaliyofichwa. Ya tatu ni kutumia sinthesaiza na sauti ambazo watu hawazihesabu kuwa ni muziki. Ya nne ni kuingiza mambo yaliyo nje ya muziki, kama filamu na maandiko. Ya tano ni kushtusha. Msomaji na azihesabu tena. Katika sifa tano, moja tu yahusu sauti. Atafutaye bendi kwa ufanano wa sauti ameshika moja na kutupa nne; ni mfano wa mnunuzi wa nyumba aliyeuliza rangi ya mlango, akalipa fedha, wala asiulize kama ndani yake mna watu.

Skinny Puppy hawakuwamo katika kizazi hicho cha kwanza. Waliupokea urithi kwa njia ya santuri, ng'ambo ya bahari, wala hawakuupokea ili kuuiga. Waliyatwaa mafundisho ya habari na ya mshtuko wakayapeleka katika jambo lililowachoma wao: mateso ya wanyama katika maabara. Jina la VIVIsectVI lina ndani yake neno la upasuaji wa viumbe hai, na humo humo sita ya Kirumi imeandikwa mara tatu. Jukwaani Ogre aliigiza upasuaji huo juu ya mbwa wa bandia. Mwaka 1988, mjini Cincinnati katika jimbo la Ohio, mtazamaji alidhani kuwa mbwa yule ni wa kweli. Polisi wakaja, na wanamuziki wakakamatwa. Kisa hiki chapasa kukumbukwa. Mbwa wa kuchezea alipopasuliwa mbele za watu, sheria iliamka mara moja. Mbwa wa damu na nyama waliopasuliwa nyuma ya milango iliyofungwa hawakumwitia mtu polisi. Hotuba ndefu isingeweza kuionyesha tofauti hiyo kwa uwazi kama ulivyoionyesha usiku ule mmoja.

Huenda mtu akasema kwamba haya ni mambo ya kuwafurahisha wanazuoni, wala hayana uzito katika maisha. Huyo na atazame Guantánamo. Katika gereza hilo la jeshi la Marekani lililo katika kisiwa cha Kuba, lililofunguliwa mwaka 2002, muziki ulitumiwa kuwa chombo cha mateso: ulipigwa kwa kishindo kikuu, kwa muda mrefu, ili mahabusu wasilale na nia zao zivunjike. Mwezi wa Oktoba 2009 wanamuziki kadha, miongoni mwao Trent Reznor wa Nine Inch Nails na bendi ya R.E.M., walijiunga katika kudai hati za serikali juu ya matumizi hayo. Skinny Puppy nao walipata habari kwamba nyimbo zao zilikuwa zimetumiwa. Santuri yao ya 2013 waliiita Weapon, yaani Silaha, na mwaka 2014 ilitangazwa kwamba wanaidai serikali ya Marekani dola 666,000 kwa kutumia kazi yao bila ruhusa.

Maana ya tukio hilo ni nzito kuliko ankara yake. Nyimbo za watu waliomtetea kiumbe aliyefungwa juu ya meza zilipigwa ili kumvunja kiumbe aliyefungwa kwa minyororo. Hapana noti iliyobadilika. Mapigo yalikuwa yale yale, mkoromo ule ule, kiza kile kile. Kilichobadilika ni kusudi. Aliyezipiga hakuhitaji kujua zilitungwa kwa kumpinga nani. Kishindo chake kilimtosha. Mahabusu waliteswa hata kwa nyimbo za watoto wadogo, na jambo hilo lathibitisha kwamba sauti peke yake haina upande. Hupewa upande na nia ya mwenye kuipiga na uhuru wa mwenye kuisikiliza. Itakuwa dhuluma kumlinganisha mpenzi wa muziki na mtesaji, wala halijasemwa neno hilo. Lililosemwa ni kwamba swali ambalo mtesaji hakuwa na haja ya kuliuliza ni lile lile ambalo mpenzi wa muziki hufundishwa kuliacha: Sauti hii ni ya nini?

Wapo watakaojibu kwamba muziki ni wa masikio. Kwamba mtu aliyechoka jioni hana wajibu wa kusoma historia kabla ya kusikiliza wimbo. Na kwamba chema chajiuza. Hoja hii ina nusu ya ukweli, na nusu hiyo yapasa kukubaliwa kwa moyo mmoja. Hapana mtu aliyependa bendi kwa sababu ya kusoma utangulizi wa kitabu. Sikio hutangulia, akili hufuata. Lakini na likumbukwe lile sikio lililopenda lilipenda nini. Msikilizaji alipowasikia Skinny Puppy kwa mara ya kwanza, alishtuka kwa kuwa hawakufanana na kitu chochote alichokuwa akikijua. Huo ugeni ndio uliomteka. Sasa anataka kuupata tena ugeni ule kwa kutafuta vitu vinavyofanana na alivyokwisha kuvizoea! Ajitesa bure, kama mtu apendaye safari ambaye kila siku hulizunguka ua la nyumba yake. Kila santuri mpya itamfurahisha kidogo kuliko iliyotangulia, mpaka siku moja atasema kwamba muziki wenyewe umekufa, hali kilichokufa ni namna yake ya kutafuta.

Upande wa pili wamesimama walinzi wa mlango. Hao husema kwamba muziki wa viwanda wa kweli uliisha mwaka 1981, Throbbing Gristle walipovunjika, na kwamba waliokuja baadaye ni wafanya biashara. Humdharau kila aliyeongeza mapigo ya kuchezeka: Front 242 wa Ubelgiji, walioanza mwaka 1981, Ministry wa Chicago, na nyumba yote ya Wax Trax!, duka la santuri ambalo Jim Nash na Dannie Flesher walilifungua Chicago mwaka 1978, likawa kampuni ya kutoa muziki huu Marekani. Walinzi hawa hujiona kuwa ni maadui wa mashine ya kupendekeza, kumbe ni ndugu zake. Mashine ina kigezo cha sauti cha jana. Wao wana kigezo cha sauti cha zamani zaidi. Wote wawili hupima kwa kufananisha. Tena husahau kwamba sifa ya kwanza katika zile tano ni kujitawala, na duka la watu wawili lililoweza kutoa santuri ambazo makampuni makubwa hayakuzitaka, mpaka likafilisika mwaka 1992, lina haki ya kukaa ndani ya nyumba hiyo kuliko wengi wanaolinda mlango wake.

Habari ya Laibach yawakanusha wote. Kundi hilo lilizaliwa mwaka 1980 katika Trbovlje, mji wa wachimba makaa ya mawe huko Slovenia, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Yugoslavia. Silaha yao haikuwa kelele tu. Walivaa sare, wakasimama kama sanamu, wakaisema lugha ya dola kwa ukamilifu kuliko dola yenyewe, hata watawala wasijue kama wanasifiwa au wanadhihakiwa. Mwaka 1983 walikatazwa kulitumia jina lao hadharani, na katazo hilo lilidumu hadi 1987. Mpenzi wa Skinny Puppy anayefuata sauti yamkini atawasikiliza Laibach kwa dakika mbili, asikie tarumbeta na mwendo wa gwaride, aseme hawa sio. Anayefuata nasaba atakaa kitako, kwa sababu atatambua swali lile lile likiulizwa kwa lugha nyingine: Mtu huwaje malighafi ya mwenye nguvu?

Lakini nasaba nayo si hirizi ya kumkinga mtu na hukumu. Nembo ya Industrial Records ilikuwa ni picha ya Auschwitz, kambi ambamo Wajerumani wa Hitler waliangamiza watu kwa utaratibu wa kiwanda. Yawezekana kuitetea nembo hiyo kwamba ilimwonyesha mnunuzi mwisho wa njia ya viwanda visivyo na utu. Yawezekana pia kuishutumu kwamba iliyageuza mauti ya watu kuwa pambo la biashara. Hoja hizo mbili zina haki ya kusikilizwa. Ila hakuna awezaye kuzisikiliza asipojua picha ile ni ya nini. Mwenye kutafuta kwa ufanano huipenda nembo kwa ukali wake, huivaa kifuani, hupita nayo mbele ya watu ambao babu zao waliteketezwa humo, wala hajui amebeba nini. Na katika kundi kubwa la bendi zilizofuata, zimekuwapo zilizoyachezea mavazi na alama za wauaji bila swali wala jibu. Aliyezoea kuuliza kusudi huzitambua mapema. Aliyezoea kuuliza ufanano huzipokea zote pamoja, kwa kuwa nguo zao zimeshonwa kwa kitambaa kimoja.

Njia iliyo bora ni ipi? Ni kuliacha swali moja na kushika matatu. Hawa niliowapenda walimsikiliza nani? Walitumia vyombo gani, na kwa nini hivyo? Walikuwa wakipingana na nini? Kila swali humfungulia muulizaji mlango ambao mashine haina ufunguo wake.

Swali la kwanza humpeleka kwa Portion Control wa London, ambao athari yao juu ya Skinny Puppy yajulikana sana. Humpeleka kwa Throbbing Gristle, na humo hukuta kwamba Genesis P-Orridge mwenyewe alikuja kushirikiana na wale vijana wa Vancouver. Humpeleka kwa Legendary Pink Dots, kwa kuwa cEvin Key na mwimbaji wao Edward Ka-Spel waliunda pamoja kundi la Tear Garden, na hapo mwenye kupenda mikoromo hushtuka kuona kwamba bwana wake aliipenda pia sauti ya upole, yenye ndoto na huzuni.

Swali la pili humpeleka mbali zaidi. Akiuliza habari za kanda za sauti zilizokatwa na kuungwa, atamkuta Chris Watson wa Cabaret Voltaire, ambaye aliiacha bendi hiyo mwaka 1981, akawa mnasaji mashuhuri wa sauti za viumbe na za nchi. Santuri yake ya 2003, Weather Report, ina upepo, ndege na barafu. Hapana programu ya kupima mapigo itakayomtoa mtu katika Last Rights na kumfikisha kwenye barafu hiyo. Na hata hivyo mkono uliokata kanda Sheffield ndio ulioshika kipaza sauti porini. Akizidi kurudi nyuma atafika Paris, mahali Pierre Schaeffer alipotunga nyimbo za kelele za treni na vyombo vingine mwaka 1948. Wengi huishia hapo. Anayeendelea atafika Cairo mwaka 1944, ambako Halim El-Dabh, kijana wa Kimisri, alichukua mashine ya kunasa sauti kwa waya, akainasa ngoma ya zar ya wanawake, kisha akaigeuza sauti ile studioni mpaka yakabaki mawimbi na mwangwi. Msomaji aliyezisikia ngoma za pepo za pwani ya Afrika ya Mashariki hahitaji mkalimani wa kumweleza zar ni nini. Atakumbuka pia kwamba kazi ile ya Cairo iliitangulia ile ya Paris kwa miaka minne, na kwamba wanaoandika nasaba ya muziki huu mara nyingi wameanza kuihesabu kwa mtoto wa pili.

Swali la tatu humpeleka kwenye mgomo wa wachimba makaa ya mawe wa Uingereza wa miaka ya 1984 na 1985. Katika mgomo huo Test Dept waliungana na kwaya ya wachimba makaa waliogoma wa Wales ya Kusini, wakatoa santuri pamoja. Sauti za wanaume wanaoimba kwaya hazifanani na Skinny Puppy hata kwa unywele mmoja. Lakini wanadamu waliokuwa wakielezwa kwamba migodi yao haina faida, na kwa hiyo wao wenyewe hawana faida, walisimama karibu sana na yule mbwa wa maabara katika safu ya wale wanaohesabiwa kuwa vitu.

Swali hilo la tatu, likiulizwa kwa uaminifu, humrudisha mwanafunzi wa Afrika ya Mashariki hata karibu na nyumbani kwake. Mwaka 2020 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa santuri ya kwanza ya Duma, vijana wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu. Mswahili akilisikia jina hilo humfikiri mnyama mwenye mbio. Kwa Kikikuyu maana yake ni giza. Ukelele wa mmoja na mitambo ya mwenziwe hukutana kwa kasi isiyo na huruma. Vijana hao hawakutoka Vancouver wala hawakuomba ruhusa Sheffield. Walitoka katika mji wenye umati, vumbi na kelele zake, wakaitia sauti yake katika mashine. Anayetafuta Skinny Puppy wa pili atawapita bila kugeuza shingo. Anayetafuta jambo lililowafanya Skinny Puppy kuwa Skinny Puppy atasimama.

Hasara ya ufanano ni hii basi: huwaua walio hai kwa ajili ya kuwatukuza waliokwisha nyamaza. Msanii kijana akijua kwamba hatasikilizwa ila kwa kufanana, atafanana. Ataupaka wimbo wake kiza cha dukani na kuikoromesha sauti yake kwa kipimo kinachotakiwa. Mashine itampendekeza, msikilizaji atatosheka nusu, na duara litafungwa. Muziki uliozaliwa ili kumwonya mwanadamu asitawaliwe na mitambo utakuwa unagawiwa kwake na mitambo, kwa kadiri inayomfanya asiwaze.

Vyuo vina kazi ya kufanya katika jambo hili. Anayefundishwa kuihakiki tenzi, tamthilia na hadithi kwa kuuliza kusudi, zamani zake na wapinzani wake, hana udhuru wa kulitupa darasa hilo nje ya mlango mara aingiapo katika muziki. Ufanano na abaki nao mwuza duka, maana ndio unaompangia rafu zake. Msomi aliyeipoteza bendi aipendayo na aende kwenye deni lake: awatafute walioikopesha bendi hiyo sauti, na awatafute waliokopa kwake ujasiri. Atakutana na wengi wasiofanana naye, wasiofanana wao kwa wao, na pengine wasiopendeza kwa mara ya kwanza. Awape muda, kama alivyowapa wale wa kwanza siku walipomtisha.